Boksi la zana za awali madukani Mtwara na Lindi: za hesabu zinunue, za herufi ziongezee kazi ya mkono

Shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, maduka ya vifaa vya shule ya Mtwara mjini, Masasi na Lindi mjini hupanga mbele boksi moja la rangi nyingi lenye zana za kusoma na kuhesabu kwa watoto wa awali. Linatoka nje ya nchi, maandishi yake ya juu ni ya Kiingereza, na bei yake hucheza kati ya shilingi 80,000 na 95,000 kutegemea duka na maelewano. Wanaolinunua ni walimu wa awali wenye kamati zinazowasikiliza, wenye vituo vya chekechea, na wazazi wachache walio na uwezo. Kwa kifupi: vifaa vya hesabu vilivyomo ni vizuri na vinastahili fedha hiyo. Vifaa vya kusoma havikutengenezwa kwa mtoto anayejifunza Kiswahili, na mwalimu akivitumia kama vilivyo atamchanganya mtoto hapohapo mwanzoni.

Ndani ya boksi mna mabango manne ya sentimita 50 kwa 70 (herufi, namba 1 hadi 20, maumbo, rangi), herufi za plastiki 52, tarakimu za plastiki 0 hadi 9, kadi za picha 48, vichemraba 100 vya kuunganisha vya rangi 10, abakasi moja (fremu ya shanga za kuhesabia) ya nyaya 10, maumbo bapa 24, na vibao vyeupe 6 vyenye ukubwa wa daftari pamoja na kalamu zake 6 za wino wa kufutika.

Jambo la kwanza la kupima ni idadi ya watoto. Uwiano unaotakiwa katika darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Darasa la namna hiyo hugawanywa vikundi 5 vya watoto 5, na kila kikundi hupata vichemraba 20, kiasi cha kutosha kabisa. Lakini kwenye darasa la watoto 60, hata ukitengeneza vikundi 10 vya watoto 6, kila kikundi kinabaki na vichemraba 10 tu, na vibao 6 havifiki hata kimoja kwa kikundi. Kwa hiyo mwenye darasa kubwa alichukue boksi hili kama mwanzo, ajazie kwa vitu vya hapa kwetu, ambavyo kwa bahati nzuri Mtwara na Lindi havikosekani.

Tuanze na vichemraba, kwa sababu ndiyo roho ya boksi lote. Kila kimoja kina upande wa sentimita 2, kinashikika vizuri kwenye kiganja cha mtoto wa miaka mitano, kinaungana kwa mlio mdogo na hakiachii ovyo. Siku mbili za mwanzo waachie watoto wajenge wanachotaka: nyumba, bunduki, treni, chochote. Mwalimu anayeruka hatua hii atajikuta anafundisha huku nusu ya darasa inajenga minara chini ya meza. Baada ya hapo anza kuoanisha: kikombe kimoja kichemraba kimoja, mtoto mmoja kichemraba kimoja. Halafu ndipo kuhesabu kwa kugusa na kusogeza, kutoka kushoto kwenda kulia, kila kinachohesabiwa kinahama upande. Kusogeza ni muhimu kuliko kuonyesha kwa kidole, maana kosa la kawaida kabisa la umri huu ni mdomo kutangulia mkono: mtoto anafika "saba" wakati kidole kiko kwenye kitu cha tano.

Hapo ndipo madarasa mengi yanapojidanganya. Watoto wanaimba moja hadi ishirini kwa sauti moja, mgeni akiingia anapiga makofi, kila mtu anafurahi. Kuimba namba si kuhesabu. Ukitaka kujua kama mtoto anahesabu, weka vitu vitano mstarini, mwache ahesabu, kisha muulize, "Viko vingapi?" Mtoto aliyeelewa atajibu "vitano" mara moja. Ambaye hajaelewa ataanza upya: moja, mbili, tatu... Huyo hajajua bado kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla ya vitu vyote. Kisha vitawanye vitu vilevile, vikae mbalimbali, uulize tena. Wengine watasema vimeongezeka. Jaribio la tatu ni la kuomba: "Nipe vinne." Mtoto anayeimba mpaka ishirini lakini anakupa konzi nzima anahitaji wiki kadhaa za moja hadi tano, na kumpeleka kumi na tisa ni kumpotezea muda.

Wakishazoea, jenga ngazi: mnara wa 1, wa 2, wa 3, mpaka wa 10, ukipangwa kwa mfuatano. Hapa mtoto anaona kwa macho kwamba kila namba inamzidi jirani yake kwa moja. Baadaye chukua mnara wa 5 uuvunje: 4 na 1, 3 na 2, 2 na 3. Uvunjaji huu ndio unaozaa kujumlisha na kutoa darasa la kwanza, na mtoto akiufanya kwa mikono mara nyingi utampunguzia kuhesabu vidole baadaye.

Kwa darasa kubwa, kihesabio bora cha pwani hii ni komwe, zile zinazochezewa bao. Ni ngumu, laini, hazichuji rangi, hazioti ukungu wala kuliwa na wadudu, na ukubwa wake unamkaa mtoto vidoleni. Bao moja lina kete 64, kwa hiyo mzee mmoja wa kijiweni akiazima kete zake asubuhi, vikundi sita vimepata kumi kumi. Kuna faida nyingine ambayo wachache wanaizingatia: ukihesabu komwe unasema "moja, mbili, tatu" na ukiulizwa jumla unajibu "komwe tatu". Neno halibadiliki. Ukianza na vijiti mtoto anahesabu "moja, mbili, tatu" halafu anatakiwa ajibu "vijiti vitatu", na kwenye mawe "matatu". Kwa mtoto ambaye nyumbani anaongea Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao, hiyo ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Anza na komwe, kete au mbegu kubwa, ukishaona hesabu imekaa ndipo uhamie vijiti na mawe na kuwasikilizisha "viwili" na "mawili". Sita, saba, tisa na kumi hazina shida hiyo.

Vijiti vyenyewe vikate kwenye chelewa (njiti za makuti ya mnazi), sentimita 10 kila kimoja, ncha ukizipitisha kwenye msasa. Vifunge kumi kumi kwa mpira. Vizibo vya soda vya bati ni vya kuacha, meno yake yanakata na kutu inaingia haraka kwa hewa ya bahari. Vizibo vya plastiki vya maji ni salama zaidi. Maharage, choroko na mbegu nyingine ndogo zisitumike kabisa na watoto wa miaka minne na mitano. Huingia puani, na huko zikipata unyevu huvimba. Na jambo moja la kusisitizwa kwa nguvu zote kwa sababu liko karibu na kila nyumba ya mikoa hii: korosho ghafi zenye ganda si vihesabio. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mtoto atajifuta macho au ataing'ata. Korosho zilizobanguliwa hazina ganda hilo, ila hesabu ya kumi itaishia nane.

Abakasi ya boksi ni ya kumwonyeshea darasa, si ya mtoto kushika. Ina nyaya 10 zenye shanga 10 kila moja, yaani mia, wakati mtoto wa awali anahitaji waya mbili tu za juu. Zifunge nane za chini kwa kitambaa ili zisimvutie. Kasoro yake kubwa ni kwamba shanga zote kumi za waya mmoja zina rangi moja, hivyo mtoto akitaka kuona saba lazima ahesabu kuanzia moja. Dawa yake ni chupa ya rangi ya kucha: paka shanga tano za kulia za kila waya, acha zikauke usiku mzima. Kesho yake saba inaonekana kama tano na mbili bila kuhesabu. Kazi ya robo saa, na inaibadilisha abakasi kutoka pambo kuwa zana.

Bango la namba 1 hadi 20 lina matatizo mawili. Halina sifuri, na picha za kuanzia 11 zimerundikwa bila mpangilio kiasi kwamba hata mtu mzima anapotea akizihesabu. Badala yake tafuta trei ya mayai ya matundu 30. Ina mistari 6 ya matundu 5; ukiikata kila baada ya mistari miwili unapata fremu tatu za matundu kumi. Fremu moja ikijaa ni kumi, ya pili ikiwa na komwe tatu ni kumi na tatu. Kiswahili chetu kinasema wazi kabisa "kumi na tatu", kwa hiyo mtoto anasikia na kuona kitu kilekile. Sifuri ifundishe kwa kopo tupu.

Tarakimu za plastiki ni imara, ila 6 na 9 ni kipande kilekile kikigeuzwa. Chora mstari wa makapeni chini ya kila tarakimu ili mtoto ajue upande wa kukalia. Maumbo bapa 24 yako sawa, hayana la kulalamikia. Bango la rangi litapauka likikaa ukutani linapopigwa na jua la mchana, lakini rangi zinafundishika kwa kanga za akina mama bila bango lolote.

Sasa upande wa kusoma, na hapa ndipo penye maneno mengi.

Herufi za plastiki ni 52: kubwa 26 na ndogo 26, moja moja. Jaribu kuandika neno lolote ambalo mtoto wa Kitanzania huanza nalo. Mama? Unahitaji m mbili na a mbili. Baba, dada, kaka, kuku, hakuna hata moja linaloandikika. Kiswahili kinafunga karibu kila silabi kwa irabu, na a ndiyo inayotumika kuliko herufi zote, halafu boksi linakupa a moja. Herufi q na x hazina kazi kwetu, na c peke yake haina sauti mpaka ipate h. Herufi kubwa zote 26 mtoto hazihitaji miezi ya mwanzo. Pia umbo la baadhi ya herufi si lile analofundishwa kuandika: a ina kofia juu, g ina vitanzi viwili, na I kubwa haitofautiani na l ndogo hata kidogo. Mtoto anaona a moja kwenye plastiki, nyingine ubaoni, nyingine kwenye daftari, na hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kimoja.

Hata ukinunua maboksi matatu na kuchanganya, bado utapungukiwa irabu. Njia rahisi ni kadi za manila. Kwa kikundi kimoja kata kadi 40 za sentimita 8 kwa 10: a kadi 6, e, i, o na u kadi 4 kila moja, halafu m, k, t, b, l na s kadi 3 kila moja. Manila mbili na makapeni moja vinatosha. Kwa kadi hizo kikundi kinaweza kupanga mama, kaka, kuku, taa, kiti, bata, meli, simu, kamba, samaki, kalamu, mkate. Irabu ziandike kwa rangi nyekundu na konsonanti kwa nyeusi, usibadilishe mwaka mzima. Kata pembe ya juu kulia ya kila kadi, hapo mtoto atajua mwenyewe kama kadi imepinduka, na vita vya d na p, na vya n na u, vinapungua sana.

Bango la herufi ndilo baya kuliko vyote, na limetundikwa kwenye madarasa mengi kwa sababu linapendeza. Waliolitengeneza wamechukua bango la Kiingereza wakabadilisha maneno yaliyo chini ya picha, picha zikabaki palepale. Penye A pana picha ya tofaa. Penye E pana tembo. I ina aiskrimu, O ina chungwa, U ina mwavuli. Yaani irabu zote tano, ambazo ndizo mlango wa kusoma Kiswahili, zina picha ambazo majina yake hayaanzi na sauti hiyo. Mtoto anaonyeshwa E, anaona mnyama ambaye watu wa Liwale wanamjua vizuri kabisa, anasema "tembo", na mwalimu anamwambia amekosea. Mtoto hajakosea. Z nayo ina pundamilia.

Lifunike kwa picha zako mwenyewe. A weka andazi, E embe, I iliki, O mtoto anayeoga (neno likiwa "oga"), U ufagio. Kwa konsonanti chagua maneno ambayo sauti ya kwanza inasikika peke yake: K korosho, N nazi, S samaki, T taa, D dengu, G gari, M muhogo. Tahadhari hii inayahusu hata mabango yanayochapishwa hapa nchini, kwa maana mengi huweka ng'ombe kwenye N, shule kwenye S na mti kwenye M. Ng'ombe haianzi na sauti ya n, ina sauti yake. Sh si s. Na m ya mti inasimama silabi nzima peke yake bila irabu, jambo ambalo mtoto atalikuta baadaye. Herufi mwambatano kama ch, sh, ny, ng' na dh zipewe kadi zao wakati wake ukifika, wala zisichomekwe chini ya herufi moja.

Namna ya kuzitamka herufi nayo inataka uangalifu. Fundisha sauti, si jina. M ni "mmm" inayovutwa, s ni "sss". Ukimfundisha mtoto kwamba herufi hiyo ni "em" au "ma", siku ya kuunganisha m na i atakuambia "emi" au "mai" badala ya "mi". Ndiyo maana baada ya irabu tano ni vizuri kuanza na sauti zinazovutika: m, s, l, n. Unavuta "mmmm" huku kadi ya a ikisogea taratibu kuelekea kadi ya m, zikigusana sauti inakuwa "ma". K, t na b haziwezi kuvutwa, zifuate wakishaelewa mchezo wenyewe. B na d zisifundishwe karibu karibu. Moja ikae kabisa, ipite hata wiki tatu, ndipo nyingine iingie.

Kadi za silabi boksi halina kabisa, na kwa Kiswahili hicho ndicho chakula kikuu. Konsonanti tano kwa irabu tano ni kadi 25 kwa kikundi. Vikundi 10, kadi 250. Ni kazi ya jioni kadhaa, na kamati ya shule au wazazi wenye mwandiko mzuri wanaweza kusaidia, mradi mwalimu atoe mfano wa herufi zilivyoandikwa ili zifanane zote.

Kabla ya kadi yoyote, mdomo na mikono vitangulie. Piga makofi kwa silabi, na majina ya kwetu ni mazoezi mazuri: Li-ndi makofi mawili, Ne-wa-la matatu, Ta-nda-hi-mba manne, Na-chi-ngwe-a manne. Mtwara ni matatu, M-twa-ra, na hapo walimu wengi huteleza wakapiga mawili. M hiyo inahesabika, kama ilivyo kwenye m-na-zi na m-ka-te. Mtoto aliyezoea kuisikia hataiacha atakapoanza kuandika. Ambaye hakuizoea ndiye anayeandika "kate".

Kuna jambo la pwani ambalo mtengeneza boksi asingeweza kulijua. Watoto wengi wa Lindi, Kilwa, Mikindani na Mtwara mjini wanapoingia awali tayari wanakwenda madrasa mchana au jioni. Huko wamejifunza kwamba alama ina sauti na kwamba sauti hubadilika kulingana na irabu iliyowekwa juu au chini. Hiyo ni hazina, si kikwazo. Kinachotofautiana ni upande wa kuanzia: kule ni kulia, huku ni kushoto. Kwa hiyo mtoto anayepanga kadi zake kuanzia kulia asionekane mzito. Bandika kidoti cha kijani upande wa kushoto wa kila meza, kibao na ukurasa, umwambie "tunaanzia kijani". Mara nyingi hilo tu linatosha.

Kadi za picha 48 zimefunikwa plastiki, zinaoshika, na kama vitu vya kuzungumzia ni nzuri. Chambua tu: theluji na stroberi ziweke pembeni, zinakula muda wa kueleza kitu kisichopo huku kwetu. Zilizobaki zitumie kwa kutenga kwa sauti ya kwanza: mtoto anachukua kadi, anataja jina, anaipeleka kwenye kopo la k au la s. Neno lililochapwa nyuma kwa Kiingereza lifunike kwa karatasi.

Vibao vyeupe ndicho kitu kitakachokufa mapema. Kalamu zake zikiachwa wazi kwa joto la Februari zinakauka, na vifuniko ndivyo vya kwanza kupotea. Uso wa kibao unaanza kubaki na kivuli cha maandishi, na mtu akikifuta kwa dawa ya kusugulia sufuria ndiyo mwisho wake. Kifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo.

Mbadala wake ni rahisi na wa kudumu. Plaiwudi moja ya sentimita 122 kwa 244, ile nyembamba, inatoa vibao 48 vya sentimita 20 kwa 30. Fundi seremala akate, apige msasa kingo zote, apake rangi ya ubao mara mbili, ya pili baada ya ile ya kwanza kukauka kabisa. Kabla ya kuandika mara ya kwanza sugua uso mzima kwa chaki ya ubavu kisha ufute. Usipofanya hivyo maandishi ya kwanza yatagoma kutoka. Unga mweusi wa betri chakavu usitumike kutengeneza rangi hiyo. Una kemikali zisizofaa mikononi mwa mtoto anayelamba vidole.

Hata hivyo mtoto asikimbizwe kwenye chaki. Sinia lenye mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 1 hivi, linafundisha umbo la herufi kwa kidole bila woga wa kukosea, maana likitikiswa kosa limefutika. Mchanga wa ufukweni uoshwe chumvi kwanza na uanikwe, la sivyo unashika unyevu na kugandamana. Udongo wa mfinyanzi nao ufinyangwe nyoka nyoka na kukunjwa kuwa herufi; unatia nguvu vidole vitakavyoshika penseli.

Kuhusu utunzaji, adui ni unyevu na mchwa. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kwenye kipindi hicho selotepu haishiki ukuta wala manila hazikai zimenyooka. Usibandike kitu ukutani. Vuta kamba mbili darasani, moja usawa wa macho ya mtoto aliyesimama, utundike mabango na kadi kwa vibanio vya nguo. Hilo lina faida ya pili: mtoto anaweza kulifikia bango kwa mkono, na bango lililo juu ya ubao karibu na kenchi halisomwi na mtoto yeyote. Gundi ya unga wa muhogo huita panya na mende, heri gundi ya dukani. Vihesabio vihifadhi kwenye makopo yenye vifuniko, kila kopo na idadi yake juu, na watoto wenyewe wahesabu wakati wa kurudisha. Hesabu ya kukusanya vifaa mwisho wa kipindi ni ya kweli kuliko nyingi za kwenye daftari.

Boksi lenyewe lisichukuliwe kama mpango wa masomo. Kinachoongoza ni mtaala ulioboreshwa ambao darasa la awali lilianza kuutumia Januari 2024, pamoja na vitabu na viongozi vya mwalimu vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Zana zinafuata somo, somo halifuati zana. Kituo ambacho hakina hata kitabu cha hadithi kimoja kisinunue boksi. Fedha hiyo ianzie kwenye vitabu vichache vya Kiswahili vyenye picha kubwa ambavyo mwalimu ataviinua darasa zima lione.

Mzazi mwenye mtoto mmoja nyumbani hahitaji boksi zima. Baadhi ya maduka hukubali kufungua na kuuza vichemraba peke yake, uliza bila aibu. Vichemraba 20, konzi ya komwe, sinia la mchanga na kadi 40 za manila vinamtosha mtoto huyo mwaka mzima.

Wanaonunulia shule wafanye hivyo Desemba, fedha za korosho zikiwa bado zinazunguka na maduka hayajabanwa. Boksi lifunguliwe hapohapo kaunta. Hesabu vichemraba, maana mifuko yenye 96 au 98 ipo. Unganisha kumi, uunyanyue mnara kwa kushika kimoja cha juu: mnara ukikatika, plastiki yake ni dhaifu, omba boksi jingine. Zungusha shanga za abakasi uone kama waya umepinda au umechomoka kwenye mbao. Fungua kila kalamu na uandike nayo. Ndipo ulipie, na usiondoke bila risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye jina la shule.